Fisi wa mapangoni: ni huyu huyu fisi madoa wetu au spishi nyingine?

Huu ubishi wa fisi wa mapangoni naona watu wanaurahisisha mno. Kwa asiyemjua, huyu ni fisi aliyeishi Ulaya na Asia zama za barafu akatoweka, mifupa yake ilipata umaarufu baada ya pango la Kirkdale kule Uingereza kugunduliwa 1821, mwanajiolojia William Buckland akaenda mpaka kumpa fisi hai mfupa wa ng'ombe autafune ili alinganishe alama za meno na zile za pangoni (jamaa alikuwa kichwa kweli). 1823 mwanasayansi Mjerumani Goldfuss akamwandika kama spishi yake, wengine baadaye wakamshusha kuwa nususpishi tu (yaani tawi ndani ya spishi) ya fisi madoa, na mpaka leo hawajaelewana.

Wanaosema ni mnyama mmoja wana hoja nzito. Utafiti wa 2005 wa DNA ya mitokondria (vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, vina DNA yao wenyewe) ulikuta baadhi ya fisi wa mapangoni wako karibu na fisi wa Afrika kuliko na wenzao wa Ulaya, sasa utawatenganishaje hapo?

Ila mitokondria inarithiwa kwa mama tu, ni upande mmoja wa ukoo. 2020 zikasomwa genomu zenyewe, yaani DNA nzima, za pande zote mbili, na kumbe koo hizi ziliachana kama miaka milioni 2.5 iliyopita, halafu zikawa zinakutana na kuzaana, jeni zinaenda Ulaya zinarudi Afrika.

Mi naegemea spishi mbili, japo sio kwa moyo wote. Kuzaana peke yake hakuwafanyi kuwa kitu kimoja, mbona sisi tumebeba jeni za Neanderthal, yule binadamu wa kale aliyetoweka, na wanasayansi wengi bado wanamhesabu spishi tofauti. Hoja ya umbo siitegemei sana, ni kweli wa Ulaya alikuwa mkubwa na mifupa ya miguu imejaa, lakini baridi nayo hubadilisha mwili.

Tabu iko kwenye visukuku vya zamani. Crocuta (jenasi ya hawa fisi) wa Laetoli hapa Tanzania ana zaidi ya miaka milioni 3, DNA hapo sahau, unabaki na meno na mataya tu. Kwa mifupa ya Ulaya isiyo na DNA mara nyingi kinachoamua jina ni sehemu ilipochimbwa, na kama wanyama wenyewe walikuwa wanavuka bara na kuchanganyika, hicho kigezo ni dhaifu sana.