Belichick na hadithi ya timu bila staa

Eti Bill Belichick, aliyekuwa kocha wa Patriots kwenye futiboli ya Kimarekani, anasema siri ya kushinda ni kila mtu afanye kazi yake na hakuna staa mkubwa kuliko timu, mi nusu nakubali nusu nakataa. Pa kukubali ni Super Bowl (fainali ya ligi yao) ya Februari 2015, Seattle wako yadi 1 tu toka mstari wa kufunga wawamalize Patriots, sekunde hazifiki 30, halafu mpira unadakwa na Malcolm Butler, dogo ambaye kwenye drafti (pale timu zinapochagua wachezaji wapya) hakuna timu iliyomtaka, na muvu ile ile walishaifanyia mazoezi wiki hiyo akachapwa nayo, kocha akamwambia hiyo lazima uiwahi. Akaiwahi kweli, 28-24. Hapo namvulia kofia. Ila kwenye suala la staa anatupiga changa la macho, Tom Brady, kwotabeki wake (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), sawa alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, hakuja na jina, lakini alivyoondoka 2020 akaenda kubeba kombe na Tampa Bay msimu huohuo, na Belichick aliyebaki na mfumo wake hakushinda tena hata mechi moja ya mtoano mpaka wanaachana nae Januari 2024, msimu wa mwisho kashinda 4 kafungwa 13. Kocha Andy Reid nae hivyohivyo, miaka 14 Philadelphia bila kubeba Super Bowl hata moja, kaja kuipata Kansas City akiwa na kwotabeki Mahomes. Nyie mnaokesha kuangalia hizi mechi, kuna kocha gani kabeba makombe mengi bila kuwa na kwotabeki wa maana?