Draivu moja, pawa fakta mbili

Mita mbili zimefungwa kwenye nyaya zilezile zinazoingiza umeme kwenye draivu ya mota, yaani kile kifaa kinachobadili masafa ya umeme ili mota izunguke kwa kasi inayotakiwa. Moja inasoma pawa fakta (uwiano wa nguvu inayofanya kazi kwa volti na ampea zote zinazovutwa) 0.97, nyingine 0.72. Zote ni nzima na zote zinasema kweli. Hapo ndipo mafundi wanapogawanyika, na mgawanyiko huo una gharama: anayeshika namba isiyohusika na kazi yake huishia kuvuta waya mwembamba mno, au kununua kapasita za kurekebisha pawa fakta ambazo hazikuhitajika.

Chanzo kiko mlangoni mwa draivu. Draivu nyingi za fezi tatu hupokea umeme kwa daiodi sita (vifaa vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu), zikaugeuza kuwa DC, yaani umeme usiobadili uelekeo, na kuuweka kwenye kapasita kubwa. Daiodi haipitishi kitu mpaka volti ya laini, yaani nyaya za kuingizia umeme, iizidi ile iliyomo kwenye kapasita. Kwa hiyo mkondo hauingii taratibu kwa umbo la wimbi la saini; unaingia kwa mapigo mafupi yenye ncha, mawili katika kila nusu ya wimbi, kisha unakatika. Mapigo hayo yamekaa karibu na kilele cha volti, ndiyo maana sehemu ya mkondo yenye masafa ya laini haichelewi nyuma ya volti ila kidogo sana. Uchelewaji huo mdogo, unaopimwa kwa pembe, ndio unaotoa 0.97. Lakini ndani ya mapigo hayohayo kuna hamoniki, yaani mikondo yenye masafa yaliyo mara kadhaa ya masafa ya laini, hasa ya 5, 7, 11 na 13. Hizo, volti ikiwa safi, hazipeleki nguvu yoyote kwenye mota, ila zinapita kwenye waya na kuupasha moto kama mkondo mwingine wowote. Ukizihesabu, pawa fakta inashuka hadi 0.72.

Tuweke hesabu mezani. Draivu ya volti 400 inavuta kilowati 20, na mita ya RMS halisi, inayopima mkondo wote hata ukiwa na hamoniki, inaonyesha ampea 40. Zidisha 400 kwa 40 kwa 1.732 (kizidishio cha fezi tatu), unapata kVA 27.7, yaani volti na ampea zote zinazovutwa. Gawanya 20 kwa 27.7: ni 0.72. Mkondo wa masafa ya laini peke yake ni kama ampea 30 tu. Kinachoufikisha 40 ni hamoniki, na upotofu wa wimbi hapo, yaani hamoniki zikilinganishwa na mkondo wa masafa ya laini, unakaribia asilimia 90. Sasa funga reakta (koili inayolainisha mapigo ya mkondo) mbele ya draivu, upotofu ushuke hadi asilimia 35. Ampea zinashuka kutoka 40 hadi 31 na nusu, pawa fakta inapanda hadi 0.91 hivi, na joto linalopotea kwenye waya linapungua kwa zaidi ya theluthi. Kilowati? Kwenye draivu bado ni zilezile 20.

Mstari huo wa mwisho ndio ninaotaka usomwe mara mbili. Anayeuza reakta kwa ahadi ya kushusha matumizi ya nishati ya mota anauza kisichokuwepo, maana kinachookolewa ni ule upotevu mdogo wa kwenye nyaya na transfoma. Anayesema reakta haina faida kwa sababu draivu “tayari ina 0.97” naye anapotosha, kwa kuwa transfoma, breka na waya havijui pembe, vinajua ampea.

Hata hivyo wanaotetea 0.97 wana hoja nzito. Namba yao inaonyesha kwamba karibu hakuna kVAr ya kawaida, yaani nguvu isiyofanya kazi inayotokana na mkondo kuchelewa, ya kufidia. Fundi anayeona 0.72 na kukimbilia kapasita za kurekebisha, kama alivyozoea kwa mota zilizounganishwa moja kwa moja, anatibu ugonjwa usiokuwepo. Tena anaweza kuleta mpya: kapasita na transfoma zikisikilizana kwenye masafa ya hamoniki mojawapo, mkondo huvimba na kapasita hupasuka. Na kapasita hizo zisifungwe kabisa kati ya draivu na mota, maana transista za draivu hazitavumilia.

Mimi naegemea pawa fakta kamili, ile yenye hamoniki ndani yake, kwa kuwa ndiyo inayolinda vifaa. Ila haina maana ikiandikwa peke yake. Mzigo ukipungua, upotofu kwa asilimia hupanda na pawa fakta huonekana mbaya sana, ilhali ampea zenyewe ni chache na hazimdhuru mtu. Kila kipimo kiandikwe na mzigo wake, kilowati zake na ampea zake.

Kosa ninaloliona zaidi ni la klampu mita ya bei nafuu inayopima wastani na kudhani wimbi ni saini. Kwa mapigo haya inaweza kusoma pungufu kwa asilimia 30 au zaidi. Kosa la pili ni kuchukua ampea 40 zetu, kuzizidisha kwa volti na kwa pawa fakta ya 0.86 iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Utapata karibu kilowati 24 mahali penye 20. Kibati kinaeleza mota ikiwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye laini, hakielezi draivu.

Kuna pia hofu inayojirudia kwenye mikanda ya kusafirishia mizigo: upande wa mota unasoma ampea 40, upande wa laini 12, na mtu anauliza nyingine zimeenda wapi. Hazijaenda popote. Kwa Hz 10 mota hupewa volti 80 hivi, na nguvu yake ni kama kilowati 5. Mkondo wa kutengeneza sumaku ya mota unazunguka kati yake na draivu bila kurudi kwenye laini. Ukitaka kujua unacholipia, pima upande wa kuingilia.

Na kama lengo ni kukwepa adhabu ya pawa fakta kwenye ankara, ulizia kwanza mita ya ankara inahesabu ipi kati ya hizo mbili. Ikiwa inahesabu pembe peke yake, reakta haitagusa adhabu hiyo, ingawa transfoma yako itapoa.