Kanali Beckwith hakufeli, alikataa

Juzi nimebishana na rafiki yangu mpaka chai ikapoa. Tulikuwa tunaongelea makomando, nikamtaja Charlie Beckwith, kanali wa Marekani aliyeanzisha kikosi cha makomando cha Delta Force, akanikata hapohapo: "Si yule aliyefeli kule Iran?" Basi. Mtu ameingia jeshini 1952, katoka 1981, na miaka yote hiyo inafungwa kwa neno moja. Imeniuma, ndo maana naandika.

Mwaka 1962 Beckwith alipelekwa Uingereza kukaa na SAS, makomando wa Waingereza, kwa mpango wa kubadilishana maofisa. Katoka kwenye jeshi la buti za kung'aa na saluti kila hatua, anakuta watu wanaitana majina ya kwanza, ila wakiingia porini hakuna wa kuwafikia. Akaenda nao nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, akaugua leptospirosi, homa ile ya mkojo wa panya, ikabaki kidogo imzike. Aliporudi kwao akaandika ripoti kwamba Marekani haina kikosi cha namna hii na inakihitaji. Hakusikilizwa. Akasema tena na tena, akaonekana msumbufu. Delta Force imekuja kuanzishwa Novemba 1977! Hapo katikati kapigana Vietnam, na mwanzoni mwa 1966 kapigwa risasi ya bunduki nzito tumboni, madaktari wakamweka kundi la wasio na matumaini. Akapona, akarudi tena vitani.

Mchujo aliouweka Delta aliutoa kwa Waingereza: unapewa begi zito na ramani, unatembea peke yako milimani, na hakuna anayekuambia unatakiwa ufike saa ngapi. Hakuna wa kukupigia makofi wala wa kukufokea. Mtu akichoka anaamua mwenyewe, na hapo ndo anajulikana.

Sasa tuje Iran, Aprili 1980. Mateka 53 Wamarekani wako Tehran, Beckwith na Delta wametumwa kuwakomboa, rais wa Marekani anasubiri, dunia nzima inasubiri. Helikopta 8 zimeruka kutoka kwenye manowari Nimitz, na mpango ulishasema wazi kabla ya mtu yeyote kupanda, zikibaki chini ya 6 pale kituo cha jangwani ndani ya Iran hakuna kuendelea. Moja ikaachwa njiani, nyingine ikageuza kwenye vumbi, ya tatu ikafika na haidroliki, mfumo wa kuiongoza, imekufa. Zimebaki 5. Beckwith akaulizwa kama anaweza kwenda na 5, akasema hapana.

Jamani, pigeni picha hiyo. Umekililia kikosi hiki miaka na miaka, hii ndo kazi yake kubwa ya kwanza, uko gizani kwenye mchanga injini zinanguruma, vijana wako wanakuangalia, na unajua ukisema hapana jina lako limekwisha. Na bado unasema hapana! Kwangu mimi huo ndo ukomando wenyewe, kuliko kuvunja mlango wowote. Kusema twende ilikuwa rahisi, kila mtu pale alitaka kwenda.

Msiba ulikuja baadaye, wakati wa kuondoka, helikopta ilipoigonga ndege ya C-130 iliyobeba mafuta, wakafa wanajeshi 8. Ndani ya ndege ile walikuwemo vijana wa Delta, wakaruka kutoka kwenye moto. Watu wanauchanganya moto ule na uamuzi wake, kama vile yeye ndo aliwasha.

Sawa, alikuwa na hasira za karibu na ulimi mkali, na aliyoyasema kuhusu marubani waliopita kwenye lile vumbi hayakuwa ya haki, hilo nakubali. Wapo pia wanaosema angepunguza watu akaenda na 5. Labda. Lakini kila mtu kwenye mpango ule alikuwa na kazi yake, ukimwacha jangwani, kazi yake Tehran nani anaifanya? Mateka wenyewe mwishowe walitoka wote hai, wa mwisho Januari 1981.

Siku chache baada ya kurudi, rais Carter alikwenda kuwaona. Beckwith, mtu aliyekwisha kukatiwa tamaa na madaktari akainuka, alisimama mbele ya rais kidevu kinamtetemeka, machozi yanamtoka, akaomba msamaha kwamba wamemwangusha. Carter akafungua mikono wakakumbatiana, wakalia wote wawili. Mimi nikifika hapo hua natamani mtu angemwambia palepale, kanali, wewe hukuwa na deni.