Hiari ya jaji ikiondolewa, inakwenda wapi?

Machi 2000, kwenye duka la uwanja wa gofu huko El Segundo, California, mfanyakazi alimwona mteja akitoka nje akichechemea. Mguu wake haukuwa na tatizo. Ndani ya suruali alikuwa ameficha fimbo tatu za gofu, kila moja bei yake dola 399. Gary Ewing alikuwa na rekodi ndefu ya unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba, na hata siku hiyo alikuwa nje kwa parole, yaani ameachiwa kwa masharti kabla kifungo chake kuisha. Alipewa miaka 25 hadi maisha. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha adhabu hiyo isimame, majaji watano dhidi ya wanne.

Kesi hii husimuliwa sana kuonyesha ukali wa sheria ya makosa matatu ya California, inayorefusha kifungo cha mwenye makosa makubwa ya zamani, hadi cha maisha kwenye kosa la tatu, iliyopitishwa 1994 baada ya mauaji yaliyoliumiza jimbo zima. Mimi naiangalia kwa upande mwingine. Jaji aliyemfunga Ewing alikuwa na uwezo wa kulishusha kosa lile likawa dogo, na alikuwa na uwezo wa kutohesabu baadhi ya makosa ya zamani. Aliombwa, akakataa. Kwa hiyo wanaodhani hiari ya jaji ni mlango wa wahalifu sugu kuponyokea wamsome Ewing vizuri.

Uwezo huo wenyewe ulipiganiwa. Sheria ilipoanza, waendesha mashtaka walishikilia kwamba jaji hawezi kufuta kosa la zamani mpaka wao waridhie. Mwaka 1996, katika kesi ya Romero, mtu aliyekutwa na gramu 0.13 za kokeini, Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa jaji anaweza kufanya hivyo kwa masilahi ya haki, ila sababu zake ziandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama, na akivuka mipaka mahakama ya rufaa imrekebishe.

Sharti hilo la kuandika sababu ndilo linalonifanya nisimame upande wa majaji. Ukimfunga jaji mikono, hiari inahamia tu kwa mwendesha mashtaka, anayeamua kosa gani la zamani liingie kwenye hati ya mashtaka na lipi litumike kumbana mshtakiwa akubali kosa. Mazungumzo hayo hufanyika ofisini, na hakuna wa kuyakatia rufaa.

Tazama Los Angeles. Desemba 2020, George Gascón aliapishwa kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti hiyo, na siku hiyo hiyo akawaagiza mawakili wake waache kuomba nyongeza za adhabu, yaani miaka ya ziada kwa sababu kama makosa ya zamani. Mawakili wake mwenyewe wakamshtaki, na kwa upande wa makosa matatu mahakama ikamzuia. Desemba 2024 akaingia Nathan Hochman, naye siku ya kwanza akayafuta maagizo hayo. Siku hizo mbili sheria yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni mshindi wa uchaguzi, na miaka ya mtu gerezani ikabadilika naye.

Ni kweli majaji hutofautiana, na mtu aliyevunjiwa nyumba ana haki ya kuuliza kwa nini aliyemwibia kapata jaji mpole. Basi sababu zilizoandikwa zipo, azisome, na upande wa mashtaka ukate rufaa.

Jimbo lenyewe limekuwa likirudi huku taratibu. Tangu 2019 majaji wanaruhusiwa kufuta ile nyongeza ya miaka mitano kwa kosa kubwa la zamani, jambo walilokatazwa tangu 1986. Tangu 2022 sheria inawataka wazipe uzito mkubwa hoja kama kosa la awali kuwa na zaidi ya miaka mitano au mshtakiwa kuumizwa utotoni, isipokuwa kama kumpunguzia kutahatarisha usalama wa watu. Lakini mahakama za rufaa zimesema vifungu hivyo haviigusi sheria ya makosa matatu, ambako ndiko vifungo virefu kama cha Ewing vinakotoka. Bunge la California livipeleke huko pia, na lile sharti la kuandika sababu lisiguswe.