Stelingi afike na Kariakoo basi

Mimi nikija Dar kikazi nikapata jioni ya bure naendaga sinema, na watu wananicheka kila mara, eti mtu umetoka Songea huko kote halafu unaenda kukaa gizani, si ungeenda Coco ukale mihogo upepo unakupiga. Mihogo nimekula sana jamani. Kwetu muvi tunaangalia kwenye simu au mtu anakurushia kwa flashi, skrini kubwa na ule mtikisiko wa spika kifuani unaupata ukisafiri tu, kwa hiyo niacheni.

Safari hii nilienda Mlimani City, bisi mkononi, muvi ya kijasusi ya mapigano, zile za kimataifa ambazo stelingi ana pasipoti nane na hajawahi kupanga foleni uwanja wa ndege. Jina sitaji maana nataka kuisema, na nikikutana nayo tena nitaiangalia tena.

Iko hivi. Muvi za aina hii watu wanasema uzuri wake ni ngumi, mimi nakataa, ngumi zimejaa kwenye simu bure kabisa. Uzuri wake ni mji. Stelingi kaingia mahali hapajui, hana mwenyeji, sasa mji wenyewe umtese au umuokoe, hapo ndo naacha kutafuna bisi. Hii niliyoangalia ilipita miji mingi mpaka nikachanganyikiwa, jina la mji linaandikwa chini ya skrini, droni inapita juu ya mapaa, tukimaliza tunaingia godauni tunapigana. Godauni la Istanbul, godauni la Berlin, yote yana mabomba yanavuja na taa ya bluu, sasa kama shida yenu ni godauni si mngekuja tu Vingunguti mkaokoa nauli?

Halafu ikafika zamu ya Afrika. Dakika chache, picha ikageuka njano yote, vumbi, mbuzi, watoto wanakimbia nyuma ya gari, nchi yenyewe hawakuitaja. Ukumbi mzima tukaguna. Kuna mama nyuma yangu akasema kwa sauti "jamani hata lami?" na hapo ndo watu tulicheka kuliko vichekesho vyote walivyoviandika wenyewe.

Na siyo kwamba haiwezekani. Chukua The Bourne Ultimatum ya 2007, ile kukimbizana Tangier kule Morocco, walipigia picha Tangier yenyewe, Matt Damon anapita juu ya mapaa, anakatiza kwenye nyumba za watu, anaruka anaingia dirisha la jirani na kamera inaruka nyuma yake, ukiihamishia mji mwingine inakufa kwa sababu zile nyumba zilivyobanana ndo mapigano yenyewe. Au Mission: Impossible ile ya Ghost Protocol, ya 2011, Tom Cruise kaning'inia kweli nje ya Burj Khalifa, jengo la mita 828, hapo Dubai imefanya kazi yake. Ila Casino Royale ya 2006 wanakuambia tupo Madagascar, kumbe walipiga Bahamas! Ile kukimbizana juu ya kreni ni tamu sana sibishi, lakini bado inaniuma, kisiwa chote kile mmeshindwa kwenda?

Msiniambie eti huku ni mbali au hakuna vifaa. Hatari! ya John Wayne ilitoka 1962 na ilipigwa hapa Tanganyika, maeneo ya Arusha, waigizaji wanakamata wanyama kweli kweli. Kwa hiyo njia wanaijua, ila wakifika wanataka twiga tu. Na Dar sinema ni mji wake wa zamani, waulize wazee watakuambia habari za drive-in ya Msasani, watu na magari yao wanaangalia muvi nje. Pale sasa hivi ni ubalozi wa Marekani. Kwa mada ya majasusi mimi sina la kuongeza.

Sasa mwandishi wa muvi aje akae Dar kama mgeni, wiki tu. Mimi nilishuka mwendokasi Ubungo nikachukua bajaji, kabla hatujafika dereva ameshajua natokea wapi, nimefuata nini na kwa nini sijaoa. Jasusi gani atajificha kwenye mji huu? Mpeleke Kariakoo mtaa wa Kongo na ile suti yake nyeusi na miwani, anamfuatilia mtu kimyakimya, hajapiga hatua tatu ameshadakwa, bosi karibu, bosi viatu original hivi hapa, kaka mkubwa mbona unapita hata salamu hutoi. Adui ageuke aone mtu kazungukwa na machinga wanampima jinzi. Hiyo ndo hatari yenyewe, hakuna bunduki hapo, na utacheka huku jasho linakutoka.

Ila mimi ningeanzia Feri. Adui na stelingi wanakimbizana kuanzia sokoni kwa samaki, sakafu inateleza, wanafika getini wote wanahema na pantoni ndo limeondoka. Kwenye muvi zao angeruka. Hapa haruki mtu. Kadi imeshakatwa, geti limefungwa, inabidi msubiri lingine, mmekaa kwenye benchi moja mnatazamana, katikati yenu kasimama kijana anauza korosho na hataki kuondoka mpaka mmoja anunue. Mniwekee dakika kumi za hivyo bila muziki, ngumi mtapigana mkishuka Kigamboni.