Ufunguo wa kabati la vipimo

Jumatatu yangu ya kwanza kazini hapa Oulu, kaskazini mwa Ufini, msimamizi alinipeleka kwenye meza ya maabara, akanionyesha kifaa cha kupimia antena na kebo ambacho bei yake inazidi mshahara wangu wa mwaka, akanipa spana ndogo inayobofya kiunganishi kikishakazwa vya kutosha, kisha akasema, "Pima kebo hizi, mchana uniletee matokeo." Akaondoka. Nilisimama pale nikingoja mtu aje kunisimamia, na hakuja mtu.

Mliosomea uhandisi wa mawasiliano ya redio nyumbani mnaelewa kwa nini usiku ule sikupata usingizi. Mafunzo yangu ya kazi niliyafanya Tanga, kwenye kituo cha kurushia matangazo ambacho sitakitaja. Kifaa kama hicho kilikuwepo, tena kizima, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi mkuu. Kwa miezi minane nilibeba ngazi, nikasafisha vichujio vya hewa vya transmita na kuandika namba za mita daftarini kila saa. Siku nilipoomba kukigusa, mzee alinijibu kwa upole, "Mwanangu, hicho bado." Chuoni nilikuwa nimekokotoa mara nyingi kwamba desibeli 20 za upotevu wa marejeo maana yake ni sehemu moja tu kati ya mia ya nguvu inarudishwa na antena, lakini mstari wa kipimo hicho ukizama kwenye kioo cha kifaa mbele ya macho yangu nimeuona huku, nikiwa na miaka 27.

Najua nitaambiwa kwamba ughaibuni kumenipanda kichwani, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Basi nisikilizwe vizuri. Yule mzee ni fundi ambaye sijampata wa kumlinganisha naye. Upepo wa bahari pale Raskazone hula viunganishi hadi shaba inageuka kijani, naye alikuwa akizima mtambo, anapitisha kiganja kwenye kebo, na pale panapochoma anasema, "Hapa pameingia maji." Majira ya baridi yaliyopita wenzangu hapa walitumia siku mbili wakisaka kosa kwenye programu, huku vipimo vya antena ya paani vikiyumba kila barafu ilipoyeyuka. Niliwaambia ni maji. Tulipokifungua kiunganishi, tone lilidondoka kwenye glavu yangu. Elimu hiyo ilitoka Tanga, na niliwaeleza hivyo kwa sauti.

Ndiyo maana kabati lile linaniuma. Mtu mwenye viganja vile, na kijana mwenye hesabu mbichi kichwani, walikaa chumba kimoja miezi minane bila kuweka kipimo kati yao.

Mtasema kijana ataharibu. Ni kweli, ataharibu. Tundu la kifaa hicho la kuungia kebo huungua likiunganishwa na transmita iliyo hewani, na uzi wa kiunganishi huliwa ukikazwa kwa pupa. Mimi niliharibu kiunganishi kimoja wiki ya tatu. Msimamizi alikiandika kwenye kitabu, akaagiza kingine, akanionyesha upya namna ya kukaza. Kule kwetu, aliyekisaini kifaa ndiye anayekatwa mshahara, kwa hiyo simlaumu mzee kwa kukificha. Nawalaumu waliomwekea hofu hiyo, wakaiita utunzaji wa mali.

Mtasema pia kwamba Ufini ni tajiri. Leo kipo kifaa cha kukaa kiganjani, kwa chini ya dola 100, kinachotosha kupima antena za FM, megahezi 87.5 hadi 108, na hata antena za chaneli 16 ya vyombo vya baharini, megahezi 156.8, ambayo kila nahodha anayekwenda Pemba anaijua. Bei hiyo hailingani na ya kile cha maabara, wala usahihi wake, ila kwa mtu anayeanza kinatosha. Kwa hiyo hoja ya fedha siikubali tena. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania inamtaka mhandisi mhitimu awe na uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kumsajili kuwa mhandisi kamili, na miaka hiyo iliwekwa ili mikono ijifunze. Kijana akiimaliza akiwa amebeba ngazi, ataandika nini kwenye ripoti yake?

Mwezi wa saba nitakuwa Tanga kwa wiki tatu. Mzee ameshastaafu, na amekubali tukae barazani kwake Ngamiani pamoja na vijana wawili walio mafunzoni, tukiwa na vipande vya kebo kuukuu. Yeye atavikagua kwa mkono wake na kutaja chenye kasoro, wao watavipima, na majibu tutayaandika kwenye daftari moja. Kifaa nitakachokuja nacho nitawaachia wale vijana, bila kufuli.