Nani humsukuma nani kwenye kimo cha kilomita 90?

Mwenye barometa Mombasa au Kigoma anaweza kujionea mwenyewe: mgandamizo wa hewa hufika kilele karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, kisha hurudia mwendo uleule usiku. Anga nayo hujaa na kupwa kama bahari, ila huendeshwa zaidi na joto la jua kuliko mwezi. Chini hapa badiliko ni hektopaskali mbili tatu tu. Juu, hewa inapokuwa nyepesi, upepo wa kujaa na kupwa huko hukua hadi makumi ya mita kwa sekunde na kugeuka ndani ya siku moja.

Katika upepo huo hupita mawimbi ya graviti, yaani mapigo ya hewa inayosukumwa juu kisha kuvutwa chini na uzito wake, yanayozaliwa upepo unapopanda milima ya Andes au mawingu ya radi yanapofumka juu ya bonde la Kongo. Ndiyo yanayofanya mesosfia (tabaka la hewa la kimo cha kilomita 50 hadi 90 hivi) ya karibu na ncha za dunia iwe na baridi kali zaidi kiangazi kuliko majira ya baridi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kujaa na kupwa huchuja mawimbi hayo: wimbi hufa, na kuiachia hewa msukumo wake, pale kasi ya upepo inapolingana na kasi yake, kwa hiyo saa ya siku huamua lipi lipite. Ushahidi upo. Mwaka 1987 watafiti Fritts na Vincent, kwa rada iliyo karibu na Adelaide, Australia, walionyesha kuwa msukumo wa mawimbi hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku.

Lakini wimbi huchukua muda kupanda, na upepo haulisubiri. Watafiti Senf na Achatz, mwaka 2011, walifuatilia njia za mawimbi katika upepo unaobadilika, wakaona kasi ya wimbi lenyewe hubadilika kuufuata upepo. Mengi yaliyohesabiwa kuwa yamekufa huponyoka. Modeli nyingi za kompyuta zinazoiga angahewa bado huchukulia kwamba wimbi hupanda wima na papo hapo, na hivyo hutia chumvi nguvu ya wimbi juu ya kujaa na kupwa kwenyewe.

Wanaotetea njia hiyo fupi wana hoja nzito: kufuata kila wimbi katika modeli ya miongo mingi hula nguvu nyingi ya kompyuta. Hata hivyo siridhiki. Njia fupi zenyewe hazikubaliani: moja hukuza kujaa na kupwa, nyingine huyadhoofisha mabadiliko hayo. Kosa hilo haliishii mesosfia, maana upepo huohuo huzalisha mikondo ya umeme kwenye ionosfia ya ikweta, tabaka la juu lenye chembe za umeme, ambamo mawimbi ya GPS hupita kabla ya kufika kwenye simu zetu.